Mmea usiotaka udongo, na mama yangu aliyeupaka mafuta

Wakuu, poleni na majukumu.

Mimi humu jukwaani ni msomaji zaidi ya mwandishi. Nikiwa na swali nauliza, nikijibiwa nashukuru, napotea. Leo naandika kwa sababu kuna watu humu waliwahi kunisaidia kuhusu mmea mmoja, halafu sikurudi kuwaambia uliishia wapi. Siyo ungwana.

Nitakayosema yametokea kweli. Ningekuwa natunga, ningetunga kisa ambacho mimi ndiye mjanja. Humu ndani mjanja ni mtu mwingine, mtaona wenyewe.

Niko Dzaleka, Malawi, kambi ya wakimbizi. Kwetu ni Bukavu, Kongo. Kazi yangu ni kushona, kwa hiyo nikikatika katikati mjue mteja kaja.

Na Kiswahili cha mama yangu nimekiacha kama anavyokiongea: ba- yake ni wa-, kuya ni kuja, njo ni ndiyo. Msianze kumsahihisha. Mimi nilijaribu, na huko ndiko tunakoelekea.

Twende.

Wakati huo tulikuwa tunaishi Kawale, Lilongwe. Mimi na mama, chumba kimoja na kaukumbi. Cherehani ilikuwa mlangoni ili nipate mwanga na wapita njia wanione.

Baba alikuwa mwalimu wa Kifaransa. Alifariki tukiwa bado Bukavu.

Tulikuwa na yaya Claire. Kwetu yaya ni dada mkubwa, siyo dada wa kazi, naomba hilo lieleweke mapema. Claire ananizidi miaka mingi. Tulifika naye hapa Dzaleka, watatu tukiwa wazima, lakini yeye hakukaa. Siku moja akaondoka na watu waliokuwa wanaelekea kusini, akiwa na mimba changa. Akasema akifika atapiga simu.

Alipiga mara moja, kwa simu ya kuazima, akiwa Tete upande wa Msumbiji. Alikuwa anacheka. Alimuuliza mama amekula nini.

Baada ya hapo kimya, mpaka leo ninapoandika. Sisi wawili tukahamia mjini, Kawale.

Mama hajawahi kubadilisha namba. Kitochi chake kimefungwa na mpira ili betri isidondoke, kila mtu anakicheka, nimeshamtafutia simu nyingine akakataa. Anaogopa kwamba kwenye kuhamisha laini namba inaweza kupotea.

Kuna siku alirudi kutoka soko la Tsoka na kikopo cha mafuta ya mtoto. Kwa hesabu zake za vidole, Claire alikuwa amekaribia kujifungua.

"Batakuya," akasema. "Bakikuya, batakuta mafuta iko."

Hakukifungua. Alikiweka juu ya kabati, kikakaa huko, na hakuna aliyekigusa. Mimi nilikuwa nikifuta vumbi juu ya kabati nakikwepa.

Sasa mmea.

Nilikuwa namshonea mapazia madame mmoja, mzungu wa kuongea Kifaransa, nyumba yake si mbali na Capital Hill. Barazani kwake kulikuwa na vitu vimening'inizwa kwa nyuzi, vidogo, vya kijivu, kama vitunguu vyenye nywele. Hakuna chungu, hakuna udongo. Nikajua ni mapambo ya plastiki.

Alipomaliza kazi yake Malawi na kuanza kufunga mizigo, akanipa kimoja.

"C'est une fille de l'air," akaniambia. Binti wa hewa. Ndivyo Wafaransa wanavyouita huu ambao humu tunauita mmea wa hewa.

Akanipa na masharti. Mara moja kwa wiki uulaze ndani ya maji, kama nusu saa. Uutoe, uutikise, uugeuze kichwa chini mpaka maji yote yatoke katikati ya majani, kwa sababu maji yakilala mle moyo unaoza. Uuweke penye mwanga lakini siyo jua kali, na hewa ipite. Usiupande kabisa.

Nilikuwa najibu oui madame, oui madame. Nusu ya hayo niliisahau kwenye minibus kabla sijafika Kawale.

Nyumbani nikamkuta mama anachambua maharage.

"Pascal, ni nini ile umebeba?"

"Ni mumea, mama. Banaitaka fille de l'air."

Akaacha maharage. Akafuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha, nikamwekea ule mmea. Aliuangalia muda mrefu. Halafu akasema polepole, kama mtu anayejisemea:

"Ya Claire."

Wakuu, mama ana umri, na wakati ule niliamini masikio yake yameanza kuchoka. Nikajua kabisa amesikia "fille de Claire". Binti wa Claire. Ukiyasema haraka yanakaribiana, na mtu anayesubiri jina moja tu, sikio lake si litamletea jina hilo?

Nikapaza sauti. "Hapana mama! De l'AIR! Ya hewa!"

"Nimesikia," akasema. "Juu ya nini unanipigia makelele? Ya Claire."

Niliumia, niseme ukweli. Nilimwonea huruma, na mimi mwenyewe nilimkumbuka dada yangu mpaka nikatoka nje nikajifanya natafuta kitu.

Basi mmea ukapata jina. Ukaitwa Ya Claire.

"Pascal, toa Ya Claire kwenye jua." "Pascal, Ya Claire amekunywa?" Niliwaeleza majirani kwa siri kwamba mama anauona kama mjukuu wake, wasimcheke. Hawakumcheka. Waliozoea zaidi wakawa wakipita wanausalimia kwa Kichewa, "Muli bwanji, Ya Claire?" na mama anaitikia kwa niaba yake, "Zikomo, zikomo."

Jumamosi jioni ndiyo ilikuwa siku ya kuuogesha, kwa sababu kwa mama hakuna mtoto anayeingia Jumapili akiwa mchafu. Alikuwa na kabeseni kake na maji ya mvua aliyoyatunza kwenye bidon, yaani dumu. Anaulaza, anakaa kando yake, anauimbia. Mimi nashona, nasikia.

Na ule mmea ulipendeza, jamani. Madame angeuona angeshangaa.

Sasa kuna kitu lazima mkielewe. Mmea huu ukikauka unarudi kuwa mweupe-mweupe, una kama vumbi juu ya majani. Aliyeuzoea anajua ndivyo ulivyo. Lakini muuangalie kwa macho ya mama wa Kikongo. Mtoto katoka kuoga, kakauka, kapauka magoti na viwiko. Huyo mtoto hajapakwa mafuta. Na kwetu mtoto aliyepauka ni aibu ya mama yake, siyo ya mtoto.

Jumapili moja nilirudi kutoka kupeleka nguo za kwaya, nikakuta Ya Claire anang'aa. Kijani kibichi, anateleza, kila jani limepitiwa. Mezani, kikopo cha Tsoka kiko wazi.

"Ulikuwa unaacha mutoto ya bantu anapauka," mama akanilaumu. "Bantu bataona hatujue kulea."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikaupiga picha. Sikujua chochote.

Ngoja, kuna mtu hapa zipu imemkatikia na anaenda harusini. Narudi.

.

Nimerudi. Mnisamehe, zipu ilikuwa ndefu.

Kilichofuata baadhi yenu mnakikumbuka. Mmea ukaanza kukunjamana. Ncha zikawa kahawia. Tunaulaza majini kama kawaida, unatoka vilevile na kiu yake. Mama akaongeza mafuta, akidhani ngozi imezidi kukauka.

Ndipo nikaleta picha humu jukwaani. Wengi mlicheka, na mlikuwa na haki. Lakini mmoja wenu akanijibu kwa upole kwamba ule weupe siyo vumbi wala kupauka. Ni vinyweleo vidogo sana, na ndivyo mmea unavyonywea maji. Mizizi yake haifanyi kazi hiyo, ipo ya kushikilia tu. Ukipaka mafuta umeziba pote.

Nilikaa na lile jibu siku nzima. Nitamwambiaje mama?

Mwishowe nikamwambia vilevile lilivyo. "Mama, ile nyeupe njo kinywa yake. Anakunywaka na ngozi."

Mama akauangalia mmea. Akaangalia vidole vyake.

"Nimemufunga mutoto kinywa," akasema.

Na akalia. Mama yangu sijamwona akilia mara nyingi. Njia nzima kutoka Bukavu hakulia, na siku simu ya Tete ilipokatika hakulia. Alililia jani, kwa sababu alikuwa amelipenda, akalitesa kwa mikono yake mwenyewe bila kujua.

Tuliuosha pamoja. Tone moja la sabuni ya vyombo kwenye beseni la maji, kuuzungusha taratibu, kisha kuusuuza na maji safi, tena na tena, mpaka mikono yetu ilipoacha kuteleza. Kikopo mama alikifunga, akakirudisha juu ya kabati. Majani ya nje yalikufa, tukayavua. Moyo ukabaki mgumu ukiubonyeza, na humu mlishaniambia moyo ukiwa mgumu mmea bado upo.

Ulipona. Ulichukua muda, ila ulipona.

Halafu ikaja ile habari ambayo wakimbizi wenzangu wa Lilongwe hamna haja ya kuelezwa. Sisi tuliokuwa mjini tukaambiwa na serikali turudi kambini.

Kawale tulikuwa na wateja, tulikuwa na kanisa. Watu walilia sana siku zile. Mimi nilikuwa nafungua cherehani kwa hasira, nikavunja hata skrubu moja.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kufunga mizigo yake. Nilimshangaa, nikamuuliza kama amefurahi.

"Claire hajue Kawale," akanijibu. "Anajuaka Dzaleka."

Wakuu, hilo sikuwahi kuliwaza. Miaka yote ile tunajisifu tumetoka kambini, yeye alikuwa anahesabu kwamba binti yake akirudi atakuta mlango wa watu wengine.

Mmea ulisafiri mapajani kwake, umefungwa na kitambaa cha pazia. Kutoka barabarani tulichukua kabaza, zile baiskeli za kubeba watu, na mwenye baiskeli akamuuliza mama kama amebeba kifaranga.

Nawajua humu. Kuna mtu tayari anaandika kwamba mkimbizi ni kama mmea usio na mizizi. Mkuu, futa. Mchungaji alishaisema, mgeni mmoja aliyekuja na kamera alishaisema, sote tumechoka. Tena mizizi unayo, nimeshaeleza kazi yake.

Kuutunza hapa Dzaleka ni kazi nyingine. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye chumvi, kwa hiyo tunaupulizia na kuusuuza mara kwa mara. Mwezi wa saba upepo ni wa baridi, mmea unaingizwa ndani. Mwezi wa kumi joto linachoma, unaulaza majini mara nyingi zaidi. Maji ya pampu yanaacha chaki kwenye majani, ndiyo maana mama bado anakinga ya mvua. Kuna jirani alimwona anatunza bidon nzima ya maji kwa ajili ya jani akamuuliza kama yuko sawa kichwani. Hawajapatana vizuri mpaka sasa.

Tuliuning'iniza chini ya paa upande wa mashariki, juu kidogo ya mlango. Mama alichagua mwenyewe hapo. Mtu akitokea njia ya barabarani, kitu cha kwanza anachokiona ni ule mmea.

Sasa nifike kwenye penyewe.

Jumapili moja tumetoka ibadani. Mama akaniita kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi. Nikatoka mbio nikidhani ni nyoka.

Majani ya katikati yalikuwa yamegeuka mekundu. Mekundu kabisa. Na katikati ya ule wekundu kimechomoza kiua chembamba cha zambarau.

Mama alikuwa anacheka, amejishika mdomo. "Muangalie! Amejipaka rouge ya mudomo!"

Tukakaa mlangoni tunauangalia. Mama akasema, "Papa yenu angeona hii, angesema tena ile neno yake."

"Neno gani?"

"Si fille de l'air."

Nikamgeukia. Mama akanisimulia, na naandika kama nilivyosikia.

Claire alipokuwa mdogo, mimi bado sijazaliwa, alikuwa hapendi kupakwa mafuta. Kuoga anapenda, mafuta hataki. Mama akigeuka tu kuchukua kikopo, mtoto katoka. Anakimbia uchi na maji yake mpaka kwa jirani, kapauka mwili mzima, huku anacheka. Na baba, mwalimu wa Kifaransa, akiwa mlangoni na daftari za wanafunzi, anainua kichwa na kusema, "Tiens, la fille de l'air!" Kwa Kifaransa, mtu akicheza fille de l'air maana yake katoroka, kapeperuka. Kila Jumamosi hivyo hivyo, mpaka Claire akakua na baba akaacha kumtania. Mimi nilizaliwa mchezo umeshaisha, sikuwahi kuukuta.

"Kwa hiyo Kawale ulinisikia vizuri," nikasema.

"Masikio yangu iko muzima."

"Sasa uliposema ya Claire..."

"Ile jina ni ya Claire. Njo nilisema. We njo ulisikia mubaya."

"Juu ya nini hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa unapiga makelele."

Wakuu, mmeona wenyewe. Muda wote ule nazunguka Kawale nawaambia watu mama anadhani jani ni mjukuu. Nikamuuliza na kuhusu mafuta, si yalikuwa ya mjukuu?

"Mutoto ya Claire nitamupaka akifika," akasema. "Ile siku nilikuwa napaka Claire. Yeye hakukubaliaka kupakwa hata siku moja. Nikasema, leo huyu hana miguu ya kukimbia."

Alicheka tena, halafu hakucheka. Nikamshika mkono. Tulikaa pale mpaka nsima ya mchana, ugali wa huku, ikatupita.

Kulikuwa na kitu kimoja sikutaka kumwambia, nacho nimekijua kutoka humu. Mmea huu ukishatoa ua, hautoi tena. Ule mkubwa unaanza kuchoka taratibu, na pembeni yake inaota midogo. Nilizunguka wiki kadhaa. Nilipomwambia, akaniuliza kitu kimoja tu.

"Anaachaka batoto?"

"Ndiyo, mama."

"Basi haiko nakufa. Iko nazaa." Akafikiri. "Njo Claire alishazaa."

Hakusema kama anauliza.

Vidogo vilitokea kweli, vitatu, vimejibana chini ya majani. Tulivisubiri vikue. Na mama akawa na mpango wake ambao hakumshirikisha mtu.

Cha kwanza alimpa mama mmoja wa kanisani aliyekuwa amepata safari ya kuhamia nchi za mbali. Cha pili alimpa mwanaume mmoja fundi viatu aliyekuwa anaenda kusini, njia ileile ya Claire. Kwa sababu mmea huu unaweza kukaa ndani ya mfuko wa koti siku nyingi bila udongo, bila chungu, na ukifika unaulaza majini unaamka. Mama alikuwa ameshalijua hilo tangu siku ya kabaza.

"Utundike mbele ya mulango yako," aliwaambia wote wawili. "Mwanamuke akipita akauliza jina yake, mwambie. Akicheka, ni wa kwangu."

Cha tatu kiko hapa, juu ya mlango. Ule mkubwa umebaki na majani machache, mama hataki utolewe.

Nilichojifunza? Kuhusu mmea: usiupake mafuta, usiache maji moyoni mwake, na weupe wake uache kama ulivyo. Kuhusu mama: mtu mzima akikujibu kwamba amesikia, muulize amesikia nini kabla hujaanza kupaza sauti.

Karibuni mkomenti, mcheke pia, nitasoma zote nikishona. Wenye maswali ya kutunza tuongee, sasa angalau najua kidogo.

Ila nyinyi mlioko Tete, Nampula, Maputo, Johannesburg, Durban, na kokote kusini mnakosoma huu uzi, nina ombi. Ukikutana na mwanamke wa Bukavu anayecheka kabla hajamaliza sentensi, usimhoji sana, watu wa njiani hawapendi maswali. Sema tu kwa sauti, nyuma yake, "fille de l'air."

Akigeuka, mwambie tumerudi Dzaleka. Namba ya mama ni ileile. Na kikopo kimeshafunguliwa, lakini mafuta bado yapo.